Nukta Iliyofutika

Nyumbani, ghorofa ya tatu,
Jumatano, tarehe 9.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na hiyo baridi ya huko, bado unalala na soksi mbili? Huku Baba anakohoa kidogo, ila ubishi wake haujapungua hata chembe.

Mimi ni mzima wa mwili tu. Nisamehe mwandiko, umekuwa kama kuku kaparura.

Unaijua kazi yangu pale masjala ya hospitali. Madaktari huandika karatasi za dozi kwenye kompyuta, zenye majedwali na herufi nzito. Zikifunguliwa kwenye simu za wauguzi, safu zinahama, dawa ya huyu inaangukia kwa yule. Ndipo nikapewa kazi ya kugeuza kila hati iwe picha, ili mistari itulie mahali pake.

Lakini picha ni nzito na mtandao wetu unajikokota. Wauguzi wakalalamika. Jumatatu asubuhi nikazibana zaidi, nikashusha ubora mpaka chini kabisa, zikawa nyepesi kama pamba. Nikatazama mbili tatu, zinasomeka. Nikazituma zote sitini na moja. Nikajiona fundi!

Saa tatu simu ikalia. Muuguzi wa wodi ya wanawake.

"Huyu mama wa sukari, sindano yake ni arobaini na tano, au nne nukta tano?"

Nikafungua hati ya daktari: 4.5. Nikafungua picha yangu: 45. Nukta haipo, Shangazi. Umebaki ukungu tu, kama vumbi kwenye kioo.

Na sikufichi: wazo la kwanza lilikuwa nibadilishe picha kimyakimya. Nani angejua? Kidole kilikuwa juu ya kibonyezo. Kisha nikakumbuka kwamba dawa za asubuhi zimeshaanza kutolewa. Nikamwambia bosi apige simu kila wodi, mimi nikatoka mbio. Kiatu kimoja nilikiacha kwenye ngazi.

Wodi ya wanaume nilichelewa. Mzee mmoja, fundi seremala, naye mgonjwa wa sukari, alikuwa ameshachomwa ile sindano ya kuishusha. Jasho linamtiririka, anaongea kama mlevi, mara akanyamaza.

"Amepewa mara kumi!" nikapiga kelele. "Amepewa mara kumi!"

Daktari hakuuliza kitu, akamtundikia dripu ya sukari. Sijawahi kuona dakika ndefu kama zile. Mzee alipofumbua macho na kuuliza nani kamvua saa yake, mkewe alinishika mkono akinishukuru huku analia.

"Usinishukuru, mama," nikamwambia. "Kosa ni langu."

Akauachia mkono wangu.

"Wodi ngapi bado hujafika?"

"Tatu."

"Sasa umesimama hapa unangoja nini?"

Nikakimbia tena. Wengine wote tuliwawahi.

Leo mke wa yule mzee alipita dirishani kwangu. Hakunisalimia. Aliomba karatasi mpya ya mumewe, akaisogeza karibu na macho, akaifuata namba kwa kidole mpaka akaridhika, akaenda zake. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Kesho saa nne naitwa mbele ya kamati. Nimeandika kila kitu kwenye maelezo yangu, pamoja na kile kidole juu ya kibonyezo. Bosi anasema hiyo sehemu niitoe, haina faida kwangu. Siitoi. Lakini naogopa, Shangazi. Si kufukuzwa kunakonitisha zaidi. Naogopa kufumba macho, maana namwona yule mzee anavyonyamaza.

Baba hajui. Ukimpigia, tafadhali usinitangulie kumwambia.

Nisalimie wanao, Mpole na mdogo wake Kelele. Mungu akulinde huko ugenini, na kesho anipe sauti isiyokatika. Nipigie jioni, hata kama ni kunigombeza. Nataka tu kukusikia.

Ni mimi mwanao, nikupendaye,

Kiroboto