Kiti cha Nyuma cha Gari la Mkurugenzi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua kila mvua inaponyesha. Mama naye hajambo? Mwambie miwani yake mpya iko tayari, nitakuja nayo. Mimi sijambo kabisa. Karakana yangu ya viti vya magari inakwenda vizuri, cherehani zote mbili zinanguruma tangu asubuhi.

Sasa kaa vizuri, maana nina habari. Nimenunua gari. Tena si kigari cha kubebea mboga. Ni lile refu, jeusi, la kibosi, aina ileile uliyoiendesha miaka kumi na tisa ukimpeleka mkurugenzi kazini. Najua utauliza kama nimerukwa na akili au nimeokota hela. Sijarukwa wala sijaokota. Nimetumia kichwa.

Magari haya yakiwa mapya hayashikiki, yakizeeka watu wanayakimbia kwa kuogopa vipuri. Kwa hiyo mimi nilianza na vipuri. Kabla ya kutafuta gari lenyewe nilizunguka madukani wiki nzima nikiuliza bei ya shokapu, breki na kioo cha mbele, hadi wauzaji wakadhani nataka kufungua duka. Nikajifunza kuyakwepa yale yenye mifuko ya upepo badala ya springi, maana mfuko mmoja ukitoboka unakula akiba yote. Na theluthi ya fedha zangu niliiweka kando kwa matengenezo, nikajikataza kuigusa.

Dalali wangu ana maneno matamu huyo! Gari la kwanza aliniapia kwamba lilikuwa la daktari mzee aliyelitoa Jumapili tu. Nikafungua mlango wa dereva, nikapapasa ukingo wa kiti. Ngozi imekwisha, sponji imelala upande, raba ya pedali ya breki imelika hadi chuma kinaonekana. Nikamwambia huyo daktari basi alikuwa na Jumapili saba kwa wiki. Akacheka mwenyewe, akaacha kuapa.

Gari la pili ndilo hili. Nilifika saa nzima kabla ya miadi, nikagusa boneti nikaikuta baridi. Ndivyo nilivyotaka, maana injini iliyopashwa moto mapema huficha kikohozi chake. Makenika niliyekwenda naye, yule asiyecheka hata ukimtekenya, aliliwasha, akasikiliza, akalala chini ya gari kwa muda mrefu, akatoka na kusema tu nisilikose. Kilichowafukuza wanunuzi wengine ni kiti cha nyuma. Mbwa wa mwenye gari alikitafuna hadi sponji ikamwagika. Dalali aliona aibu akashusha bei bila kuombwa, nami nikauma midomo nisitabasamu. Ngozi ya kukishonea nilikuwa nayo karakanani.

Imenichukua siku nne kukishona upya. Na hapo, Baba, nimepiga magoti na sindano mkononi, niliona siwezi kukuletea gari hili bila kukuambia jambo nililolificha miaka ishirini na sita.

Unakumbuka Jumatatu ile mkurugenzi alipokuta kiti chake cha nyuma kimechanika. Ulimwambia ni wewe, kwamba bila shaka ulikichana kwa jeki ulipobadilisha tairi Jumamosi. Akakufukuza kazi papo hapo. Tangu siku hiyo umekuwa ukilinda malango ya watu na hujagusa usukani tena, ukisema mikono yako haina uangalifu.

Haikuwa jeki, Baba. Ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Jumamosi ile ulileta gari nyumbani kuliosha, na ulipokwenda kujaza ndoo nikaingia nyuma na mkasi wa Mama. Nilitaka kujua ndani kuna nini hata pawe laini vile. Nikakata, nikaona sponji ya manjano, nikaogopa, nikafunika kwa kile kitambaa chako cha kufutia vioo. Jumatatu uliporudi kwa miguu nilijificha chini ya kitanda nikisubiri unichape. Badala yake nikakusikia ukimwambia Mama kosa ni lako, na mimi nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo. Naona aibu, na naomba unisamehe. Ukihitaji muda, nitaelewa.

Lakini mikono yako haikukosea kitu. Hilo ulijue kabla ya mengine yote. Mama aliwahi kuponyokwa na maneno kwenye simu, akaniambia leseni yako iko kwenye kopo la biskuti, na kila inapoisha unakwenda kuilipia kimyakimya. Nilipolisikia hilo nililia, kisha nikaanza kutafuta gari.

Nafika Jumamosi asubuhi. Nitashuka, nitakupa ufunguo, na wewe utaendesha. Mama atakaa mbele na miwani yake mpya. Mimi nitakaa nyuma, mikono juu ya magoti, pale utakapoiona vizuri kwenye kioo.

Msalimie Mama sana, na majirani wote wanaoniulizia. Nawapenda.

Ni mimi mwanao, yule uliyemwita Kidole kwa kuchokonoa kila kitu.