Uji wa Wanaomaliza Mbio

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mama Mlezi, makocha wenzangu na wanachama wote wa klabu yetu: nawasalimu kutoka kambi ya wakimbizi, Ngara, ambako mvua haijakoma.

Nilikuja na desturi yetu: anayemaliza mbio ndiye anywaye uji. Jana, katika mbio za watoto wa kambi, msichana mmoja alifika wa mwisho, amembeba mdogo wake mgongoni.

“Mwalimu, vikombe viwili,” alisema akihema. “Na huyu amemaliza.”

Wenzake walicheka. Nilipompokea mtoto, kitenge alichobebewa, kilicholowa mvua, kilikuwa kizito kuliko yeye mwenyewe.

Nawakumbuka kwa upendo. Desturi hiyo nimeifuta. Nanyi ifuteni huko. Fulana mpya za klabu zisishonwe; fedha zake zinunue chakula. Kusanyeni unga wa ulezi na karanga, na lori linalokuja huku kambini kila Jumamosi livilete.