Vibonge vya Baba

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku tunapumua. Mgongo wa mama umetulia kidogo, anakusalimu na kulalamika kwamba huandiki. Mimi afya ninayo, usingizi ndio sina.

Unazikumbuka zile herufi za mbao alizochonga baba, nene, za mviringo, zenye vijiguu vipana kama zimeazima viatu vya wakubwa? Tulikuwa tukiziita vibonge. Bado nachapia kadi za kuzaliwa, makaratasi ya peremende na mabango ya chekechea. Watu wakiziona tu, wanatabasamu.

Kidoti, binti wa fundi cherehani wa mlango wa pili, alijifunzia kusoma kwa vibonge hivyo. Sisi wachapaji hupanga neno kinyume ili karatasini litoke sawa. Yeye, mbishi huyo, alipanga kuanzia kushoto kama anavyosoma, na kila mara MAMA yake ilitoka AMAM. Tulicheka mpaka machozi. Nilikuarifu kwamba homa ilimchukua. Dada, bado inaniuma.

Baada ya mazishi, yule fundi, mama yake, akawa anakuja kila asubuhi, anasimama mbele ya trei ya herufi, hataki hata kula. Siku moja akakuta karatasi juu ya mashine: MAMA. Alilia, akacheka, akaomba chai. Nikafurahi. Kesho yake ikawepo nyingine: OPIN. Akaisoma kutoka kulia, bila kusita: NIPO. Halafu OOJN. Nilimsihi asiyatie maanani, akaniambia nimwache, mwanawe anamwita na yeye yuko tayari. Cherehani kaigawa. Sahani pia kazigawa, kabakiza moja. Jamani, niliogopa.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Ile MAMA ya kwanza niliichapa mimi, kwa huruma tu, ndiyo maana ilisomeka sawa. Hizo nyingine naapa si mimi, na ufunguo ninao peke yangu.

Baba alichonga O mbili tu. Jana nilizichukua nikazificha nyumbani, chini ya nguo za mama, nikijisemea kwamba bila hizo mtoto hawezi tena kumwita. Nikajiona mjanja kweli.

Leo asubuhi nilimkuta fundi ananisubiri mlangoni, tukaingia pamoja. Karatasi ilikuwepo, wino bado mbichi: AJUKAN. Aliisoma kabla yangu. Akanishukuru, akarudi kwake mbio, na kupitia dirishani nimemwona anatandika kile kitanda kidogo.

Njoo, dada, wewe anakusikiliza. Wasalimie wote, wabusu watoto. Ila ukifika pitia kwangu kwanza. Usipige hodi kwake, maana atafungua bila kuuliza ni nani.

Ni mimi mdogo wako,
Mchapaji