Pini ya Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Machi

Tumeanza. Siku tatu, pini kumi kila siku, mashine ya kukereza ya mkono, fundi mmoja. Mimi napima. Thelathini zote zikipita, na zikitengenezwa kama karatasi ya maelekezo inavyosema, kazi ya mkono inathibitishwa. Zikikataa, mashine inafungwa na fundi anapumzishwa.

Fundi mwenyewe ni baba mkwe wangu — kazi nzuri niliyopewa! Nilimwambia mkuu wa ubora (sote tunamwita Bwana Fomu) kwamba mkwe hapimi kazi ya mkwewe. Akasema maikromita, kile kipimo changu cha unene, haina ukoo.

Pini zinaingia kwenye winchi za kuinulia wagonjwa vitandani. Ikiwa nyembamba, mtu anaanguka. Si mchezo.

Kumi zote zimepita. Asubuhi nilimpa shikamoo. Kama kawaida hakuitika mpaka alipozima mashine. Miaka sita nimeolewa kwao, bado ananinunia. Nimezoea. Uongo, sijazoea.

Jumanne, 5 Machi

Pini ya kumi na saba imekataa. Imekerezwa kupita kiasi, sehemu tano za mia za milimita. Nimepima mara nne, nikafuta maikromita, nikapima tena. Imekataa tu.

Najua kilichotokea. Nilipita na boksi, nikamsalimia. Bwana Fomu alikuwa amesimama pale, nadhani mzee akaona haya kuninyamazia. "Marahaba, mwanangu." Na midomo yake ikasimama. Kumbe ilikuwa inacheza — alikuwa anahesabu! Karatasi inasema fundi asome namba kwenye gurudumu la mkono. Yeye hakulitazama kabisa. Kidole gumba kilikuwa juu ya mkwaruzo alioutia mwenyewe ukingoni, kila ukipita anahesabu.

Nyumbani nilimwangalia akimimina chai. Alitia ncha ya kidole ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi.

Nikamuuliza mume wangu, baba anaona? Akaniambia niache kuchimba mambo ya wazee. Kwa hiyo anajua.

Nimelia jikoni. Miaka sita nasema moyoni kwamba mzee ana kiburi. Kumbe nilikuwa namkatiza.

Jumatano, 6 Machi, mchana

Niko chumba cha vipimo. Asubuhi kumi nyingine, zote safi. Hata moja haina kasoro!

Bwana Fomu alitaka sababu ya ile ya kumi na saba. Nikaandika: fundi alisemeshwa akiwa kazini. Ni kweli. Nusu ya kweli. Akafurahi, akaongeza mstari kwenye maelekezo: fundi asisemeshwe. Tunarudia kumi za jana, saa nane. Halafu akaongeza lake — kila akikata, mzee asome namba kwa sauti, mimi niandike.

Baba mkwe alikuja mlangoni. Hajawahi kuja huku. Akauliza nitasimama wapi. Nikamwambia, karibu na gurudumu, baba. Kisha akasema hawezi kuhesabu na kusema kwa pamoja. Akaomba nimsomee mimi, kwa kunong'ona, yeye atapaza sauti. Miaka kumi na moja, alisema, hakuna pini yake iliyomwangusha mtu.

Najua. Nimezipima mimi, miaka minne ya mwisho. Lakini na ile ya jana ni yake! Ingekuwa siku ya kawaida, tunapopima pini moja tu kati ya hamsini, ingekuwa sasa imemshikilia mgonjwa wa nani?

Sikumwahidi kitu. Akapapasa mlango, akaondoka.

Saa nane. Mashine imewashwa. Fomu ziko hapa mkononi, natakiwa kuwa kule. Nasikia Bwana Fomu: haya mzee, soma.

Mashine inaunguruma tu.

Tena: soma, mzee.

Sasa anaita mzee mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama wa nyumbani. "Mwanangu, upo?"

Sijaitika.