Aliyetuandikia kwa Jina Lako

Lotofoa,
Ha'apai, Tonga.
11 Juni 2024

Mpendwa wifi yangu Lesieli,

Salamu nyingi sana kutoka nyumbani kwenu, na kabla ya neno lolote nataka kujua afya yako. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Nasikia baridi ya Australia imeshaanza kuuma, na kwamba mnapogoa mizabibu asubuhi mkiwa hata vidole havihisi mkasi. Vaa sweta mbili, wifi. Wakikucheka, waache wacheke, meno yao ndiyo yatakayopata baridi.

Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo lakini kwenye kwaya bado sauti yake ndiyo inayowaburuta wengine wote. Kaka yako Kitione ni mzima, anashinda shambani kwenye viazi vikuu. Hepi wako ana meno manne sasa. Anasimama kwa kushika sketi yangu, na juzi alikula kipande cha sabuni akawa anacheka huku anatoa mapovu. Mimi nalia, Mama anacheka kuliko mtoto. Nimemwambia Hepi kwamba shangazi yake angekuwepo, sabuni isingefika mdomoni.

Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa njia nyingine zote umezifunga. Laini yako haipatikani, na ukurasa wako haupo. Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo, pengine na simu yenyewe ningeitupa baharini.

Lakini wiki iliyopita alikuja Sulieti, binti wa mama yenu mdogo, akasimama mlangoni hataki hata kuketi. Akasema ulimpigia kwa simu ya kuazima, ukamtuma. Kwamba umemwomba bosi wako akuongezee msimu, kwamba Oktoba huji, na kwamba siku ya Hepi kutimiza mwaka, yeye Sulieti akae kwenye mkeka wa heshima wa shangazi badala yako. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Anasema ana aibu." Wifi, chakula kilinishinda siku ile. Aibu ya nini? Kwa hiyo kaa mahali, soma polepole, nikueleze upande wetu, maana ulizima simu kabla hatujakwambia chochote.

Ujumbe wenye jina lako ulikuja Jumamosi, baada ya wewe kusafiri, tumo jikoni tunafunga majani ya taro kwa ajili ya tanuri la Jumapili. Mikono yangu yote ilikuwa na tui. Picha yako hiyo hapo, ile uliyopiga uwanja wa ndege ukiwa umeshika tiketi. Maneno yanasema: Fusi mpenzi, kuna namba itaingia kwenye simu yako sasa hivi, nitumie haraka, nimekwama. Mama alikuwa ameshatuma yake.

Nikamuuliza, "Mama, namba ya nini lakini?"

"Shangazi wa mtoto wako anaomba, na wewe unauliza ya nini?"

"Sijakataa, Mama. Nimeuliza tu."

"Kuuliza ni mdogo wake kukataa. Futa mikono, tuma!"

Nikatuma. Basi wifi, sote tulituma. Wajomba, kwaya, mpaka mke wa mchungaji. Wewe unajua kuliko mimi niliyeolewa tu hapa, kwamba shangazi hakataliwi. Akitaka nguruwe aliyenona anapewa, akitaka mkeka ulio ukutani unateremshwa, sembuse namba. Aliyepona ni babu Filimone peke yake. Unajua kwa nini? Alipoombwa namba alipeleka namba ya kiatu chake. Akadhani umepata viatu vya bei nzuri huko!

Kumbe kila namba tuliyotuma ilikuwa ufunguo wa ukurasa wa mtu. Ikafika Jumapili jioni, sote hatuingii kwenye kurasa zetu, na kwenye kundi la ukoo zikaanza kumwagika picha zile chafu. Sitaziandika. Zilikuja kwa jina lako kwanza, halafu kwa majina yetu sote, hata la mke wa mchungaji, maskini, aliyefunga mlango asitoke mpaka Jumatano.

Hakuna aliyekulaani. Nakuapia kwa mtoto huyu anayenivuta kalamu. Tulichanganyikiwa, tukaona haya, tukacheka baadaye kwa uchungu. Lakini jina lako halikutajwa kwa ubaya.

Kisha akaja askari Melaia kutoka Pangai, yule mwenye sauti ya upole na viatu vya kutisha. Akatukusanya wanawake kwenye ukumbi wa kanisa, na wanaume wakasimama madirishani wakijifanya wanapita. Akatuambia mwizi hakuvunja mlango wowote. "Alitafuta mtu ambaye ninyi hamthubutu kumkatalia, akavaa jina lake. Angevaa jina la babu Filimone, mngemhoji mpaka achoke mwenyewe."

Babu akapaza sauti dirishani, "Kwa hiyo jina langu ndilo salama kuliko yote!"

"Salama, babu, kwa sababu hakuna anayekusikiliza," mkewe akamjibu. Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Wifi, ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Jumapili ile.

Halafu Melaia akasema jambo ambalo nimelibeba moyoni nikuletee. Alisema kosa hili ni letu sote. Wewe ulikuwa njiani, umechoka, unangoja ndege ya pili, bando lako limeisha, na unataka kumwona Hepi kabla hujapanda. Uliniambia mwenyewe siku uliyonipigia kwa simu ya mwenzako huku unalia, ukakata kabla sijakujibu, kwamba mtandao wa bure wa pale ulikuletea ukurasa unaotaka jina lako na neno lako la siri, ukaweka. Nani asingeweka? Mimi ningeweka na la Mama. Na sisi huku tulikuwa tumeshamwandalia mwizi meza. Kwenye kurasa zetu kila mtu ameandika nani ni shangazi wa nani, nani anasafiri lini, nani yuko kanisani na nyumba iko tupu. Mimi nilikuwa nimeweka picha za Hepi akiwa anaoga, uchi kama alivyozaliwa, watu nisiowajua wanaangalia. Nimezitoa zote.

Sasa habari njema. Ukurasa ule uliotumia jina lako umefungwa. Melaia alituonyesha jinsi ya kuripoti, tukaripoti ukoo mzima, tukakaa kwenye mikeka kila mtu na simu yake kama tuko kwenye ibada. Karibu sote tumerudishiwa kurasa zetu. Bado kwaya. Hiyo Mama anasema Mungu ataifungua kwa wakati wake.

Nawe utakaposafiri kurudi, maana utarudi, nakuomba kama ninavyomwomba Hepi asile sabuni. Nunua bando lako mapema, la kukutosha njia nzima, hata kama ni ghali. Ukilazimika kutumia mtandao wa bure, soma habari za hali ya hewa tu, usiingie kwenye ukurasa wako wala benki. Ukurasa wowote ukikutaka neno la siri uwanjani, ufunge, ukale hata ndizi. Na ile namba inayoingia kwenye simu, Melaia alisema ni ya macho yako peke yako, haombwi mtu, hapewi mtu, hata mfalme. Mama aliuliza, "Hata shangazi?" Akajibiwa, "Hasa shangazi."

Tiketi usiipige picha, ina jina lako na namba zako zote. Pasipoti vilevile. Picha za safari tutaziona ukishafika, tena ukituonyesha mwenyewe umekaa hapa jikoni, zitakuwa tamu zaidi. Na weka kufuli la pili kwenye ukurasa mpya utakaofungua. Sijui kulieleza vizuri, ila Kalolaine wa nyumba ya tatu anakuja huko na kundi jipya la wafanyakazi, ndiye aliyekukabidhi barua hii, na yeye amefundishwa. Atakushika mkono mfanye pamoja.

Nije kwenye lile ninalojua ndilo linalokuumiza zaidi. Kaka yako.

Ninyi wawili, kwa heshima ya kaka na dada, tangu mkiwa wadogo hamjawahi hata kutazama televisheni chumba kimoja, asije mtu akambusu mtu humo mkiwa pamoja. Na sasa picha zile zimeingia kwenye simu yake zikiwa na jina lako. Najua ulifikiri nini. Ulipoona siku zinapita hajakupigia, ukasema amenitupa.

Nilikuwepo, wifi. Alitoka shambani, akafungua simu, akailaza kifudifudi mezani kama kaa la moto, akatoka nje. Aliporudi aliifunga kwa kitambaa, akanipa huku anaangalia ukuta. "Humu kuna uchafu umebandikwa jina la dada yangu. Futa wote. Usinieleze."

Nikamuuliza, "Lakini wewe unaamini ni yeye?"

"Dada yangu?" akasema. "Huyo akijikwaa anaomba jiwe msamaha!"

Hakuwa na shaka hata kidogo. Hakukupigia kwa kuwa hawezi kulitaja jambo lile mbele yako, na hawezi kukupigia akajifanya halikutokea. Kwa hiyo alikaa kimya. Kile kimya ni ileile heshima mliyolelewa nayo, ila safari hii ilivaa sura ya hasira na wewe uko mbali, huoni uso wake.

Sulieti alipoleta maneno yako, Kitione alikuwa nje anasafisha viazi. Hakuinua kichwa. Akasema, "Sulieti ni binti mzuri, namshukuru. Lakini mtoto wangu ana shangazi, na yu hai." Akaendelea na viazi. Baadaye akaniambia keki haitakatwa, nguruwe hatachinjwa, hakuna mtu atakayekaa kwenye mkeka ule. Ukija Oktoba, sherehe ni Oktoba. Wakikuongezea msimu, sherehe itakuwa siku utakayoshuka melini. Hepi hajui kusoma kalenda, nguruwe naye ndiyo kwanza atafurahi.

Kwa hiyo mwambie bosi wako umebadili nia. Ukiona haya kumwambia, Kalolaine atakusindikiza.

Limebaki jambo moja. Melaia alituagiza kila ukoo uwe na swali lake, ambalo jibu lake halimo kwenye simu ya mtu yeyote, ili msafiri akiandika kuomba kitu aulizwe kwanza kwa sauti. Tulikaa jioni kulitafuta. Mama akasema tuulize jina la yule nguruwe aliyezama kisimani. Tukamwambia nguruwe yule anajulikana mpaka visiwa vya Vava'u. Babu Filimone akasema namba ya kiatu chake. Mama akamjibu, "Hiyo mwizi anayo tayari!"

Kitione alikuwa amekaa mlangoni ametupa mgongo. Tukasikia tu anasema, "Muulizeni hili." Akalitaja, na jibu lake akalitaja. Ni jambo la utoto wenu, lenu wawili. Mama aliweka mikono mdomoni, maana miaka yote hii hakulijua. Mimi tangu niolewe sijawahi kumsikia akisimulia hata siku moja jambo lenu la utotoni.

Swali lenyewe siliandiki hapa. Karatasi nayo inapita mikononi mwa watu. Kalolaine amelibeba kichwani, na kaka yako alimrudisha njiani aliseme tena, asije akalikosea. Atakunong'oneza. Ukishanunua laini mpya, nipigie, tena upige kwa sauti usiandike. Nitakuuliza swali hilo kabla ya salamu, usinione nimekosa adabu. Ukijibu, tutajua ni wewe.

Mama anakusalimu, anasema usiache kula. Babu Filimone na mkewe wanakusalimu, babu anauliza kama ni kweli huko kuna viatu. Sulieti anakusalimu na anasema anafurahi kubaki na mkeka wake wa kawaida. Mke wa mchungaji anakusalimu kwa moyo wote, naye ametaka uambiwe hivyo hasa. Hepi anakusalimu kwa alama hii ya mkono, ni tui, halitoki.

Kaka yako hajaandika salamu humu. Zake amezibeba Kalolaine.

Mungu akufunike usiku na akutangulie asubuhi, akulete kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi wifi yako nikupendaye, nangoja simu yako,

Fusi