Alisema Midomo Ikiwa Imefumba

Mama Prani mpendwa, mshauri wetu wa gazetini, mimi si mtu wa kuomba msaada ila leo naomba, na mkono wangu mzito kuandika maana shule niliiacha mapema, kazi yangu ilikuwa mdomo, ni mimi Thongbai niliyetia sauti filamu za uwanjani mkoa wote wa Roi Et, zamani zile zinakuja bubu na sisi tunakaa kando ya mashine na maikrofoni, na hakuna aliyenifikia, midomo ya mtu kwenye kitambaa ikifunguka nasema, ikifumba kimya, na mwenzangu wa sauti za kike, Lamduan, hivyo hivyo, hajawahi kukosea.

Filamu iliyopendwa ni ile ya kuchekesha, muuza nguruwe mlevi, mchafu, mwalimu wa kike anamfundisha adabu mpaka anakuwa bwana wa suti, mimi muuza nguruwe, Lamduan mwalimu, na mwisho mwalimu anageukia dirishani, kafumba mdomo, anatabasamu tu. Onyesho letu la mwisho kabla hajaenda kuolewa mkoani Surin, Lamduan akasema pale pale, "Ningekungoja, mkaidi wewe, ungesema tu." Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka. Nikamwambia, "Dada, leo umezidisha." Akasema, "Ndiyo, Kaka, nimezidisha," akawa anakunja waya.

Sasa ni mjane. Kuna mtu alipona mguu, anataka kutimiza nadhiri kwa kuuonyesha mzimu unaolinda mji filamu ile ile, kwa sauti zetu sisi wawili. Lamduan amekubali. Mimi ni kibogoyo, mpwa wangu kaninunulia meno, yamo kikombeni, siyavai, mimi sibadiliki. Lakini hata nikitafuna wali namsikia. Alikuwa anamwambia muuza nguruwe, au mimi? Niende?

Thongbai

Mama Prani anajibu: Mzee Thongbai, pole, lakini nitakugombeza. Umejisifu weee, na jibu umeliandika mwenyewe usilione. Lamduan hasemi midomo ikiwa imefumba, si ndivyo ulivyosema? Basi siku ile mwalimu hakusema kitu. Alisema Lamduan, na aliyekaa ubavuni pake ni wewe. Nawe ukamsahihisha kazi!

Hubadiliki? Muuza nguruwe wako alibadilika ndani ya filamu moja. Wewe unashindwa na kikombe.

Siahidi kwamba bado anangoja. Ameishi maisha yake, huenda anarudia kazi tu. Ila ukikaa nyumbani hutajua kamwe.

Yavae meno leo, usingoje siku yenyewe. Soma gazeti hili kwa sauti mpaka ulimi uyazoee, kisha nenda. Viti vitakuwa vitupu, mtazamaji ni mzimu, hakuna wa kuwacheka. Mwalimu akigeukia dirishani na kufumba mdomo, safari hii wewe usinyamaze.