Namba Yako Imenibipu, Papa

Papa,

Leo ni salongo. Barabara zimefungwa, maduka yamefungwa, kila mutu amekamata ufagio ao jembe mbele ya nyumba yake, na hakuna pikipiki inayopita mpaka wakubwa wa avenue waseme usafi umekwisha. Mimi kipande chetu nimekwisha kufagia. Nimevaa viatu, nimekaa kwenye jiwe la mulango, na nakuandikia kwa sababu hii mikono nisipoipa kazi, nitagombana na mutu bure.

Namba yako imenibipu. Ndiyo, ile yako. Usishituke, mimi nimekwisha kushituka kwa ajili yetu wawili.

Ngoja nikuelezee tangu mwanzo. Kutoka ile siku risasi ilipotoboa mabati yetu hapa Murara ikakukuta umekaa na kikombe chako cha chai, mambo yamegeuka. Muji umepata wakubwa wengine. Benki zimefungwa. Majirani tunaangaliana kwanza, halafu ndipo tunasalimiana. Ulikuwa unaniita "polisi wa nyumba" juu ya kushuku watu. Sasa nimepanda cheo. Mutu akiniuliza tu habari za asubuhi, nataka kujua kwa nini anauliza.

Hospitali walinirudishia nguo zako, viatu, hata kile kisu chako cha kukatia fromage, ile jibini uliyouza sokoni. Telefone, hapana. Wakaniambia hawakuiona. Nikajibu sawa. Haikuwa sawa, na wao walijua.

Wewe unajua haikuwa chuma kile nilichokililia. Nilililia namba. Tulipokimbia milima ya Masisi, Mama amekwisha kutuacha, ulitukalisha mimi na mudogo wangu Sifa juu ya mizigo ukatufundisha namba yako kwa sauti ya kantike, wimbo wa kanisa, mpaka ule mwisho wa "nonante-nonante", tisini-tisini. Sifa alikuwa bado mutoto wa kungoka meno, alikuwa anakosea anaimba septante, sabini, na wewe unacheka unamurudisha mwanzo. Ulituambia: "Mukipotea, musitafute njia. Mutafute mutu mwenye telefone." Halafu pale Sake, watu wakipanda lori juu ya watu wengine, Sifa akasukumwa kwenye lori ya mbele na sisi tukabaki chini. Ile lori haikufika Goma. Mpaka leo hakuna aliyetuambia ilipigia kona wapi.

Kutoka pale ukawa mutumwa wa ile telefone. Sukari inaweza kukosekana nyumbani, lakini mayunite ya kupigia hapana. Watu wa kampuni zingine walikuja sokoni na fulana za bure, wakakubembeleza uhamie kwao, ukawafukuza kwa kisu cha fromage. Padri alikusema mbele ya watu wote kwa sababu ililia wakati wa komunyo, na bado Jumapili iliyofuata ukaingia nayo kanisani ikiwaka. Watu walicheka, "Papa Riziki ameoa telefone." Papa Riziki, kwa jina langu mimi mukubwa. Mimi nilikuwa nacheka nao. Lakini nilikuwa najua unangojea nani.

Basi nilikwenda ajansi, ofisi ya kampuni ya telefone, wanipe SIM ingine yenye namba yako. Kijana wa pale, kola nyeupe, marashi mengi, akaniambia mwenye namba aje mwenyewe. Nikamwambia mwenye namba yuko chini ya udongo. Akasema basi nilete karatasi ya kifo, na ingine ya tribinali, ya mahakama, kuonyesha mimi ni muriti wa mali yako. Tribinali gani, Papa? Ile yetu mulango wake una kufuli, na mbele yake wanauza makala ya kupikia. Nikamwambia vile. Akajibu, "Mama, hiyo ndiyo sheria." Alisema vizuri, na kicheko kidogo. Mimi mutu mwenye kusema sheria huku anacheka, simwamini.

Nikaendelea kupiga namba yako. Nilikuwa najua hakuna wa kuitika, lakini nilikuwa napiga, kila mara yule mwanamuke wa mashine ananiambia haipatikani. Nilimuzoea yule mwanamuke, ata nilianza kumujibu. Halafu siku moja nikiwa naosha vyombo, nikapiga, na ikalia.

Ikalia, Papa! Nikakata. Mukono ulikuwa na sabuni, telefone ikaanguka ndani ya beseni, nikaitoa, nikaifuta na kitenge. Na ilipotulia tu, ikanibipu. Jina lako kwenye kioo, "Papa", mulio mumoja, kimya. Kwa desturi yetu ya nyumba, bip moja ni "nimefika". Bip mbili ni "kuja hapa". Nikaketi chini. Nikalia kama mutoto.

Nilipomaliza kulia, nikaanza kushuku. Ni yule mwizi wa hospitali. Hapana, ni hawa wezi wa kutuma meseji kwamba umeshinda zawadi. Hapana, ni wale wenye bunduki, wanataka kujua nani anapigia marehemu. Watu wa muji huu wanasema kama wenye nguvu wakitafuta mutu, kampuni zinawaonyesha telefone yake inalala nyumba gani. Kweli ao uongo, sijui. Mimi nilitoa betri nikaificha ndani ya gunia la maharagi, halafu nikakaa naangalia gunia.

Nikarudi ajansi. Yule yule wa marashi. Akaangalia mashine yake, akasema namba ilikaa kimya muda mrefu, ikarudi kwa kampuni, ikauzwa tena. Nikamuuliza, mali ya baba yangu munauzaje? Akasema namba haikuwa ya baba yangu. Haiko ata ya kampuni. Namba zote ni za serikali, kampuni inakopeshwa, na wewe muteja unaazimwa tu. Aksha! Miaka yote ile, Papa, ulikuwa umeazima. Nikamuuliza, basi nani ameazimwa sasa? "Vie privée," akasema. Kwamba maisha ya muteja ni siri, na siri inafunguliwa na mukubwa wa parke tu, ofisi ya mashitaka. Parke iko jengo moja na tribinali. Kufuli ni lile lile.

Nilitoka pale nimewaka. Nikapiga ile namba, na mwanamuke akaitika. Nikageuza sauti, nikamwambia mimi naitwa Madame Chantal wa kampuni, tuko tunahakikisha wateja wetu. Weee! Alinimwagia matusi ya Kirutshuru yote. "Wezi nyinyi! Munataka namba yangu ya siri! Mimi nimekimbia vita, akili sikuiacha nyuma!" Akakata. Nilicheka peke yangu kwenye mapande ya lava pale Munigi, watu wakaniangalia. Huyu hakuwa mwizi. Mwizi hana hasira namna ile.

Ilichukua maneno mingi kabla akubali kuonana, na alikubali tu pale Kibati, kwenye bomba la maji, mbele za watu. Alikuja na jirani yake mwenye muchi wa kutwangia sombe mukononi. Anaitwa Mama Zawadi, muke mufupi, macho makali, mukimbizi wa ndani kama tulivyokuwa sisi. Nikashikilia jina langu la Chantal. Nikamuuliza kwa nini alinibipu. Akasema, "Wewe ndiye uliyenipigia ukakata! Nilitaka kujua nani, na sikuwa na mayunite. Hii namba ina mashetani. Wewe unapiga unanyamaza, na kulikuwa na yule musichana anatafuta Papa Riziki."

Papa, mimi nilikuwa Chantal. Jina la Riziki sikulitoa kwa mudomo wangu.

Nikamushika mikono. Jirani akainua muchi. Nikamuuliza, musichana gani? Akasema ni mwanzoni, alipotoka tu kununua ile SIM. Rezo, mutandao, ilikuwa mubaya, inakuja inakwenda. Sauti ya musichana mukubwa ikauliza kama ni kwa Papa Riziki. Yeye akamujibu hakuna Papa Riziki hapa, umekosea namba. Musichana akakatala, akasema hawezi kukosea, na akaiimba. "Akaimba namba sawa vile kantike," Mama Zawadi akaniambia, "mpaka nikacheka." Halafu rezo ikakatika. Hakupiga tena.

Aliimba nonante, Papa. Nilimuuliza Mama Zawadi mara mingi, akaapa. Nonante-nonante, hakukosea.

Sikumukasirikia. Angejua wapi? Lakini nilikaa chini pale kwenye matope ya bomba, na yule mwenye muchi ndiye aliyeninywesha maji. Sifa yuko. Alipata mutu mwenye telefone, alifanya kila kitu ulichomwambia, na wakamujibu amekosea.

Telefone ya Mama Zawadi ni kale kadogo, kanasahau haraka. Namba aliyopigia Sifa ilikwisha kufutika. Kampuni peke yake ndiyo ingali inaikumbuka. Basi nikamupeleka Mama Zawadi ajansi, yeye ndiye muteja sasa, aombe mwenyewe. Njiani nikaona anatembea polepole. Kumbe alipoteza karte yake ya uchaguzi akikimbia, na muuza SIM wa barabarani alimuandikisha kwa karte ya mutu mwingine. Yule wa marashi akasoma mashine, akasema mwenye namba ni bwana fulani, jina ambalo mimi na yeye hatujawahi kulisikia. "Nyinyi wawili hamuna haki yoyote kwa namba hii." Mama mwenye kuishika, na mutoto wa mwenye kuishika zamani, tukasimama pale kama wageni. Na tena akatuambia tukiendelea kusumbua, ataifunga, kwa sababu imeandikishwa vibaya. Tulitoka mbio, Papa, tumeshikana mikono.

Hapo ndipo tulipatana. Namba inabaki kwake, na atailinda kama ulivyoilinda. Nilimufundisha maneno: musichana akipiga, usiseme amekosea. Sema Papa hayuko karibu, dada yuko, uko wapi, nipe mutu aliye karibu nawe. Halafu unibipu mara mbili. Akaniambia, "Nimesikia, Chantal." Nikamwambia naitwa Riziki. Akaniangalia weee, akapiga mikono, akasema sisi watu wa Masisi hatufai.

Unafikiri nilimwamini? Wewe unanijua. Nilirudi nyumbani nikaanza kusema, huyu atachoka, atauza SIM, atasahau. Nikatafuta binti wa jirani, nikamupa telefone ya mutu, nikamwambia piga, uulize Papa Riziki, ulie kidogo. Binti alilia vizuri kuliko nilivyomutuma. Na chai yangu haijapoa, telefone yangu ikabipu mara mbili. Mama Zawadi alikuwa amekwisha kukamata njia kuja Murara kwa miguu, kitenge kimefungwa upande, viatu mukononi. Nilimukutia njiani. Nilipomwambia ilikuwa jaribio, alikaa kando ya barabara. Halafu akasema, "Usirudilie tena. Moyo wangu si wa kuchezea." Nikamuomba musamaha, nikambebea viatu mpaka Kibati.

Sikurudilia, Papa. Nakuapia kwa Mama.

Na jana jua likizama, namba yako ilinibipu. Mara mbili. Nikapiga, rezo imekatwa, muji wote. Nikauliza binti wa jirani, nikauliza mama yake, nikazunguka avenue nzima nikiuliza kila mutu kama amecheza na mimi. Njia ilikwisha kufungwa na waaskari. Na leo, salongo.

Bado nashuku. Inawezekana mutoto wa Mama Zawadi alichezea telefone. Inawezekana namba imefungwa na alikuwa ananiaga. Inawezekana ni wale wenye bunduki, wamenitegea mutego kwa jina lako. Yote nimeyawaza hapa kwenye jiwe, na bado sijavua viatu.

Nasikia pikipiki ya kwanza inawaka kule chini, hiyo itanipeleka Kibati. Lala, Papa, sasa unaweza kuiacha telefone. Nakuahidi kitu kimoja: kama ni yeye, habari zako hatazisikia kwenye namba. Nitamwambia mimi, nikiwa nimemushika.

Riziki wako